JE, KUNYAMAZA MBELE YA MKUBWA NI HESHIMA?

Mara hii tunataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo linaloigusa kila nyumba ya makazi haya, kwa maana hakuna nyumba ambayo haijawahi kupeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya.

Hatutazungumza leo juu ya dawa zilizokwisha wala juu ya foleni ndefu. Hayo mnayajua. Tutazungumza juu ya wale wanaotutunza: jinsi wanavyosemezana wao kwa wao na jinsi wanavyoheshimiana. Na hasa tunataka kuuliza swali moja. Mtu mdogo akiona hatari ambayo mkubwa wake wa kazi hakuiona, kisha akanyamaza, je, amemheshimu mkubwa wake, au ameacha kumheshimu?

Huenda mtu akasema swali hili ni la waganga peke yao. Sivyo, wandugu. Watoto wetu na jamaa zetu wengi wanafanya kazi humo: wengine ni wauguzi na wakunga, wengine ni wakalimani, wengine ni wale wahudumu wa afya wa vijiji tuliozoea kuwaita VHT, wengine wanafagia wodi, wengine wanalinda geti. Na sisi wengine ndio wagonjwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Ndani ya wodi, nyasi ni yule aliyelala kitandani.

TULIVYOLELEWA

Sisi tumelelewa katika heshima. Mtoto hamkatizi mzee maneno. Katika kikao cha ukoo mdogo hungoja mpaka aulizwe. Tumefundishwa tangu utoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Malezi haya ni mazuri na hatuyadharau. Katika njia ya ukimbizi yaliwasaidia wengi, kwa kuwa pale risasi zinapolia si wakati wa kila mtu kuchagua njia yake. Familia zilizokuwa na mtu mmoja wa kusikilizwa mara nyingi zilifika pamoja.

Lakini tuitazame methali hiyo vizuri. Inasema la mkuu lisikilizwe. Haisemi kwamba mkuu peke yake ndiye aliyepewa macho. Wahenga hao hao walisema pia kwamba heshima si utumwa. Basi hawakuwa na nia ya kutufunga vinywa.

Tena kunyamaza kuko kwa namna nyingi, na tukichanganya namna hizo tunapotea. Kuna kunyamaza kwa mtu anayesikiliza ili ajifunze. Huko ni hekima. Kuna kunyamaza kwa mtu anayetunza siri ya mgonjwa. Huko ni uaminifu, na mtumishi wa afya asiye nako hafai kazi hiyo. Kuna kunyamaza kwa woga, pale mtu anapojua la kusema lakini anaogopa uso wa mkubwa. Na kuna kunyamaza kwa uchungu, pale mtu anaposema moyoni, "Alinidharau jana, leo acha aanguke tuone." Hizi namna nne kwa nje zinafanana kabisa. Wote wanne wameinamisha kichwa. Ndiyo maana mkubwa anaweza kudhani anaheshimiwa, kumbe anaogopwa, au kumbe anachukiwa.

MTUMWA ALIYESEMA

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya tano, kuna habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, aliyekuwa na ukoma. Tunaikumbuka sana habari hiyo kwa sababu ya mto Yordani na kuoga mara saba. Lakini tuwatazame watu wadogo wa habari hiyo, maana bila wao Naamani asingepona.

Wa kwanza ni msichana aliyetekwa vitani na kupelekwa nchi ya wageni, akawa anamtumikia mke wa Naamani. Huyo ni mkimbizi kama sisi, tena zaidi yetu, kwa kuwa yeye hakukimbia bali alichukuliwa. Alikuwa na sababu zote za kunyamaza kwa uchungu. Waliomteka na kumtoa kwao ni watu wa jemadari huyo. Hata hivyo alisema alichokijua, kwamba huko kwao yuko nabii awezaye kumponya.

Wa pili ni watumishi wa Naamani. Bwana wao alipokasirika kwa kuambiwa jambo jepesi kama kuoga mtoni, akageuka kwenda zake, wao walimkaribia. Hawakumkemea mbele ya watu. Walimwita baba, wakamwuliza swali la upole lililomfanya ajifikirie mwenyewe. Naye jemadari, mkubwa wa majeshi, akageuka tena na kuwasikiliza. Kuna uponyaji mwingi uliopita katika vinywa vya watu wadogo kabla ya kufika majini.

Tukumbuke na mzee Eli. Kijana Samweli alipopokea neno zito juu ya nyumba ya Eli, aliogopa kumwambia. Ni Eli mwenyewe aliyemwita asubuhi na kumtaka asimfiche lo lote, ingawa alijua huenda ni neno la kumwumiza. Hapo mzee ndiye aliyefungua kinywa cha mtoto. Tutarudi kwenye jambo hili.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mtu asidhani kwamba shida hii ni ya kwetu tu, au ni ya nchi maskini. Mwaka 2005 huko Uingereza mama mmoja aliingia hospitalini kwa upasuaji mdogo wa puani. Alipokwisha kulazwa usingizi, njia yake ya hewa ilikataa kufunguka. Waganga watatu wenye uzoefu wa miaka mingi waliendelea kujaribu kupitisha mpira kooni, dakika zikapita, hewa ikapungua mwilini. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo ili mgonjwa apumue. Mwingine alipiga simu kuomba kitanda kwenye wodi ya wagonjwa mahututi. Waganga walimtazama kana kwamba anazidisha mambo, naye akakiacha kitanda kile. Baadaye wauguzi walieleza kwamba walijua kinachotakiwa kufanywa, lakini hawakujua namna ya kukisema hata kisikike. Mama yule alikufa baada ya siku 13.

Mume wake, Martin Bromiley, alikuwa rubani wa ndege. Hakutafuta mtu wa kufungwa jela. Aliuliza ilikuwaje watu wazuri, wenye elimu na vifaa, wakashindwa kusaidiana, na tangu hapo amewafundisha watumishi wa afya yale ambayo marubani walijifunza kwa machozi. Kwa maana marubani nao walilipa. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani katika ukungu, wakafa watu 583. Katika moja ya ndege hizo fundi aliyekaa nyuma ya rubani aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani, aliyekuwa mtu mashuhuri katika kampuni yake, alijibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi hakuuliza tena. Baada ya msiba huo na mingine, makampuni ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza, wakaliona jambo hilo kuwa sehemu ya kazi kama vile kushika usukani.

Na kuna habari njema kutoka karibu nasi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi ya upasuaji yenye mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti. Moja kati ya hayo ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji nane ya dunia, na mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kabla ya kuitumia, kati ya wagonjwa 1,000 waliopasuliwa walikufa 15. Walipoitumia walikufa 8. Waliopata madhara makubwa walipungua kutoka 110 hadi 70 kati ya kila 1,000. Hatusemi kwamba kutajana majina peke yake kuliwaokoa, kwa kuwa karatasi ile ina mambo mengine, kama kutoa dawa ya kuzuia vidonda visioze na kuhesabu sindano na vitambaa. Lakini waliotengeneza karatasi ile waliona kwamba mtu aliyekwisha kutaja jina lake mara moja ni rahisi kwake kufungua kinywa mara ya pili.

KITUO CHETU NI MWILI MMOJA

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mwili wenye viungo vingi, ambao viungo vinavyoonekana vinyonge ndivyo vinavyohitajika zaidi. Tukitaka kuona maana ya maneno hayo, twende kwenye kituo cha afya.

Tuanze na yule anayefagia. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, walikufa watu zaidi ya 2,200. Kwa wakati ule kila mtu alijifunza habari ya klorini. Ile ya kunawa mikono huchanganywa kuwa nyepesi, asilimia 0.05, ile ya kusafisha sakafu na vitanda ni kali mara kumi yake, asilimia 0.5. Anayechanganya ni nani? Mara nyingi ni mfagiaji. Kama hakuna anayemsalimu asubuhi, kama hakuna anayemweleza kwamba kitanda namba fulani kina mgonjwa wa kuambukiza, basi elimu yote ya daktari inalala juu ya ndoo ambayo hakuna ajuaye kilichomo. Kumdharau mfagiaji si kosa la adabu tu. Ni hatari kwa wodi nzima.

Tumtazame mkalimani. Hapa Uganda mtumishi anaweza kuwa anasema Kiingereza na Kinyankole au Kiganda, na mgonjwa anasema Kiswahili cha Bukavu, Kinyarwanda au Kifulero. Katikati anasimama kijana mmoja. Mama akisema "moyo unaniuma," kijana yule ndiye anayejua kama mama anaumwa kifua au ana huzuni ya mtoto aliyebaki njiani. Akitafsiri neno bila maana, mama atapimwa presha na kurudi nyumbani na huzuni yake. Au tuchukue saa. Saa mbili ya Kiswahili ni saa nane katika hesabu ya Kiingereza na ya Kifaransa. Muuguzi akisema kwa Kiingereza dawa inywewe saa ya pili ya mchana, na mkalimani akasema "saa mbili" tu, mgonjwa anaweza kuinywa mara tu jua linapopanda. Hapo hakuna aliyesema uongo, lakini dawa imekosa wakati wake. Mkalimani anayeheshimiwa atasema, "Dokta, ngoja kidogo, neno hili lina maana mbili." Mkalimani anayefokewa afanye haraka atapitisha tu neno kama mtu anayepitisha ndoo.

Tuwatazame na waganga wetu waliokimbia. Kule kwetu Kongo kituo cha afya huongozwa na muuguzi anayeitwa titulaire. Wako kati yetu waliozalisha mamia ya wanawake, waliosimamia chanjo katika vijiji vingi, wenye diploma ya A1 au A2. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini kazi ya uuguzi inataka mtu asajiliwe na baraza la wauguzi na wakunga la nchi, na kwa aliyekimbia bila karatasi zake njia hiyo ni ndefu. Kwa hiyo unamkuta mama wa miaka 50 anafanya kazi ya usaidizi chini ya tabibu wa miaka 26. Hatusemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Nchi ina haki ya kujua ni nani anayewachoma watu wake sindano. Tunasema kwamba macho ya mama yule hayakubaki mpakani pamoja na karatasi zake. Akiona mzazi anatoka damu zaidi ya kawaida, anaona kweli.

Wenyeji wetu wa Waswahili wana methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni akizibwa mdomo, mwenyeji atapona kwa nini?

MASWALI MAWILI MAGUMU

Tunajua kuna watakaotupinga, na maneno yao yana uzito.

La kwanza: Kila mtu akisema, nani ataamuru? Mama anapotoka damu baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda wa saa chache tu, na si wakati wa kufanya mkutano. Ni kweli. Katika dharura lazima awepo mmoja wa kuongoza, na wengine wamtii. Lakini kuongoza ni kuamua, na mtu haamui vizuri akiwa amefunikwa macho. Yule anayesema, "Dokta, damu imejaza kitambaa cha tatu," hajampokonya daktari uongozi. Amempa kitu cha kuongozea. Tena tufikiri hivi: daktari amekuja kazini ili aponye. Hiyo ndiyo nia yake. Anayemzuia asikosee anaitumikia nia hiyo. Anayemwacha akosee huku akiinamisha kichwa ameuheshimu uso wa daktari, lakini ameiacha nia yake. Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: kunyamaza mbele ya hatari si heshima, hata kama kunafanana nayo sana.

La pili ni gumu zaidi: Je, nikisema nikafukuzwa, watoto wangu watakula nini? Swali hili halijibiwi kwa mdomo mwepesi. Mkimbizi anayepokea motisha ndogo hana umoja wa wafanyakazi wa kumtetea, na tangu mwaka 2025, fedha za misaada zilipopunguzwa sana, kazi nyingi za afya katika makazi zimefungwa na waliobaki wanashika mbili mbili. Mtu aliyechoka na mwenye hofu ya kupoteza kazi hufunga mdomo kwa urahisi. Tukimwambia kwa ukali, "Sema tu, Mungu atakulinda," huku sisi tumekaa salama, tunamtwika mzigo tusiougusa kwa kidole.

Kwa hiyo tunaona kwamba mizigo haiko sawa. Mwenye uwezo mkubwa ana wajibu wa kwanza. Eli alimfungulia Samweli njia. Hakungoja kijana awe shujaa. Mkubwa wa zamu akianza siku kwa kusema, "Mimi pia naweza kukosa, ukiona jambo niambie," na mtu akimwambia akajibu asante, hata kama aliyesema amekosea, basi amewaondolea wadogo sehemu kubwa ya woga. Lakini akimfokea mmoja tu mbele ya wagonjwa, amewafunga midomo kumi waliosikia. Wadogo wanaponyamaza na mgonjwa akafa, lawama ni ya wote wawili, ila ya yule aliyepanda woga ni kubwa zaidi.

Mdogo naye hawekwi huru kabisa. Kama jambo ni dogo, anaweza kungoja mpaka watu watoke, akaseme faraghani kwa adabu. Kama jambo linaweza kungoja saa moja, anaweza kwanza kuzungumza na mwenzake ili waende wawili. Lakini kama uhai unapotea sasa hivi mbele ya macho yake, tunaamini kwamba lazima aseme, kwa sababu kazi inaweza kupatikana tena na yule mtoto mchanga hapatikani tena. Ni neno zito na hatulisemi kwa furaha. Ndiyo maana hatuwezi kulisema bila kuongeza hili: kanisa linalowafundisha watu kusema kweli lazima liwe tayari kugawana unga na yule aliyepoteza kazi kwa kusema kweli. Bila hivyo mafundisho yetu ni maneno tu.

NAMNA YA KUSEMA

Kusema kwenyewe kuna njia yake. Anayesema kwa dharau, au kwa kutaka kuonyesha kwamba kule kwao walifanya vizuri zaidi, hajengi. Tumeona mambo machache yanayofundishwa katika hospitali nyingi, na mtu ye yote anaweza kuyashika hata bila shule kubwa.

Kwanza, taja jina la unayemwambia, useme kwa ufupi mambo manne: mgonjwa ana hali gani sasa, nini kilitangulia, wewe unaona ni nini, na unaomba nini kifanyike. "Dokta, mama wa kitanda cha nne anatetemeka na presha imepanda. Alijifungua jana usiku. Naona ni kifafa cha uzazi kinakuja. Naomba uje umwone sasa." Hapo hakuna matusi wala kujipendekeza, na hakuna aliyebaki na kazi ya kukisia.

Pili, unapopewa agizo kwa mdomo, lirudie kwa sauti kabla ya kulifanya. Nusu na tano husikika vibaya mahali penye kelele za watoto, na katika dawa tofauti yake inaweza kuwa kifo. Mkubwa asione kwamba anashukiwa. Anayerudia anamlinda.

Tatu, kama la kwanza halikusikika, sema tena kwa maneno ya wazi zaidi: "Nina wasiwasi. Naomba tusimame kidogo." Wale watumishi wa Naamani waliuliza kwa upole, lakini hawakuacha kuuliza. Likikataliwa tena na hatari bado iko pale pale, mwite mwingine mwenye cheo. Kufanya hivyo si fitina. Fitina ni kwenda kulisema sokoni jambo ambalo hukulisema wodini.

Nne, wakati wa kukabidhiana zamu, msiondoke mpaka anayeingia amesikia habari ya kila mgonjwa. Ugomvi wa jana usimfikie mgonjwa wa leo.

SEHEMU YA SISI TULIO KWENYE BENCHI

Na sisi tunaongoja kwenye benchi tuna sehemu yetu. Pale tunapomwambia muuguzi mkimbizi, "Toka, namtaka daktari wa kweli," tunamsaidia ye yote anayemdharau. Pale tunapomwita mfagiaji kwa kupiga mluzi, watoto wetu wanaona na kujifunza. Tukimkuta mtumishi mwenyeji, tumkumbuke kwamba naye ameacha kwao kuja kututunza mahali ambapo wengi hawataki kukaa. Tuwaombee wote kwa majina yao, si madaktari peke yao.

Tena tusiogope kusema habari zetu wenyewe. Mficha uchi hazai. Mgonjwa naye ni mmoja wa kundi linalomponya. Akiona kidonge cha leo si cha rangi ya jana, ana haki ya kuuliza. Akiona jina lililoandikwa kwenye daftari si lake, aseme mara moja. Na mama anayehitaji kueleza jambo la siri la mwili wake anaweza kuomba mkalimani mwanamke, tena asiwe mtoto wake mwenyewe. Kumtumia mtoto wa miaka kumi kutafsiri majeraha ya mama yake ni kumpa mtoto mzigo ambao hataweza kuutua.

Wandugu, tulipoteza mambo mengi njiani: nyumba, mashamba, karatasi, makaburi ya wazazi. Heshima tulifika nayo. Basi tusiitumie kufunika makosa yatakayoua watu waliookoka na vita. Tunawaomba wakubwa wa vituo vyetu wawaulize wadogo wao wiki hii, "Unaona nini ambacho mimi sikioni?" Tunawaomba wadogo wajibu kwa adabu na bila kuficha. Na tunawaomba wazee wa kanisa wakutane wafikiri ni kwa namna gani tutamshika mkono yule atakayeumia kwa sababu alijibu.

Mungu awape nguvu wote wanaolala macho kwa ajili ya wagonjwa wetu. Amani iwe nyumbani kwenu.